Gari Lisilowaka na Gari Lisilosimama

Leo tunataka kuzungumza nanyi habari za gari kuukuu. Huenda wengine mkacheka mkasema, hawa wamekosa neno la kutuambia asubuhi. Chekeni tu. Magari ya namna hiyo yamo katika nyumba nyingi za nchi hii, na kama nyumbani kwako halimo, liko kwa jirani, nawe umewahi kulisukuma.

Sisi tunakaa katika milima ya Taita, juu ya Wundanyi. Gari letu tulilinunua likiwa limekwisha kuzeeka mikononi mwa watu wengine wawili. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu kuundwa. Letu lina umri wa kuyazaa hayo yanayoingia. Kampuni iliyoliunda hatuitaji, maana kosa si lao, ni la miaka.

Kwetu milimani ukungu hukawia asubuhi, na nyaya za plagi zikishika unyevu, gari halisemi neno. Kwa hiyo hatuliegeshi mahali tambarare hata siku moja. Tukienda kutembelea watu, kwanza tunatazama kama wana mteremko mbele ya nyumba yao. Wasipokuwa nao, tunauliza kama wana vijana. Kila mtoto wetu ana kazi yake. Mkubwa hubeba dumu la maji ya rejeta, wa pili hubeba jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu, na mdogo hulala kifudifudi kutazama kama oili imedondoka usiku. Jumapili, ibada ikiisha, vijana hawangoji kuitwa. Wanavua makoti, wanasukuma, gia ya pili inaingizwa, klachi inaachiliwa, na gari likikohoa wote wanapiga vigelegele kana kwamba ni harusi.

Mzee mmoja wa hapa hupenda kutukumbusha Safari Rally ya mwaka wa 1968, siku za Pasaka, mvua ilipoharibu barabara hata magari 7 tu yakamaliza, na Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa Peugeot 404. Anatuambia, "Mwalimu, kazi ni kufika." Baba wa nyumba yetu hufundisha shule ya msingi, basi gari nalo huitwa gari la Mwalimu. Lakini kwa kweli ni la kijiji. Limebeba kabichi, limebeba maharusi, limebeba mabati, na usiku limebeba wagonjwa kupanda hospitali ya Wesu. Lilipokataa kuwaka, hakuna aliyetukasirikia. Watu walicheka, nasi tukacheka.

Tunasema haya ili mjue kwamba gari lisilowaka si jambo kubwa. Linakuchelewesha, linakuaibisha mbele ya wageni, linakula fedha zako. Taabu yake ni yako mwenyewe. Gari lisilosimama ni habari nyingine, maana taabu yake humwangukia hata mtu ambaye hakupanda.

Barabara ya kutoka Wundanyi kushuka Mwatate wengi mnaijua. Ni kona baada ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Ukikanyaga breki mfululizo katika mteremko kama huo, zinapata moto. Mafuta ya breki nayo, yakikaa miaka mingi bila kubadilishwa, hunyonya unyevu wa hewa, na moto ule huyachemsha. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea kama puto. Mguu unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, na magurudumu hayana habari. Ndiyo sababu madereva wa zamani hushuka mlima kwa gia ile ile ambayo wangeupandia, wakaiacha injini izuie gari, na breki waziguse kidogo kidogo tu.

Siku moja fundi wetu alifungua magurudumu ya nyuma, akatoka akiwa kimya, akapangusa mikono, akasema, "Mwalimu, hili nisisikie limeshuka Mwatate." Silinda za breki zilikuwa zikivuja.

Jioni ile ile akaja mzee jirani yetu. Kesho yake mkewe alikuwa aonwe na daktari Voi, na miguu ya mama huyu haimfikishi kwenye kituo cha matatu. Tukamwambia gari haliendi. Akatazama uani, akauliza, "Lakini linawaka?" Tukajibu, ndiyo, leo linawaka. Hapo ndipo penye ugumu. Mtu humwelewa jirani ambaye gari lake limezima. Kumwelewa jirani ambaye gari lake linanguruma, naye anasema haliendi, si rahisi. Mzee akachukua fimbo yake akaenda zake bila kuaga.

Usiku ule tulibishana mezani. Mmoja wetu alisema tushuke polepole, gia ya kwanza, tukiomba njiani. Kuomba ni vizuri, lakini aliyekwisha kuambiwa silinda inavuja amekwisha kujibiwa. Tukafungua kitabu cha Kutoka, sura ya 21, penye sheria ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mtu bila kujulikana kuwa mkali, mwenyewe haadhibiwi. Lakini kama tabia yake ilijulikana, na mwenyewe alionywa asimzuie, damu ile iko juu ya mwenyewe. Watu wa Musa hawakuwa na magari, ila neno la fundi tulilielewa vizuri tuliposoma pale.

Asubuhi vijana wanne, wale wale wa kusukuma, walimbeba mama kwa kiti mpaka barabarani, na nauli ya kwenda na kurudi tukailipa sisi. Hata hivyo maneno yalizunguka kijijini, kwamba watu wa Mwalimu wamekuwa wakubwa. Gari lilikaa wiki tatu. Tuliuza mbuzi wawili, na fedha za mabati ya jiko tukazitia katika silinda na mafuta mapya. Jiko linavuja mpaka leo. Safari ya kwanza ya kushuka tulimpeleka yule mama tena Voi, na mumewe akaketi mbele, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakusema neno mpaka Mwatate. Pale akauliza mbuzi waliuzwa bei gani, tukamwambia, akasema tulipunjwa.

Ninyi wenye gari la namna hii, kabla ya kuondoka kesho fanyeni jambo hili. Injini ikiwa inanguruma na gari limesimama, kanyaga breki kwa nguvu, shikilia, hesabu pole pole mpaka 30. Pedali ikiendelea kuzama chini ya mguu wako, zima gari, shuka. Tena fungua boneti utazame kikopo cha mafuta ya breki. Kama yanapungua kila wiki, yanatoka mahali. Na jirani akija kukuuliza kama linawaka, mwambie kweli, kisha umtafutie njia nyingine ya kufika.