KITI CHA KAMATI NI CHA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu la reli)



Katika mkutano uliopita ndugu mmoja wa karakana alituuliza hivi: "Twasikia redioni kwamba huko Marekani mwenyekiti wa kamati fulani ameuzuia mswada. Je, mtu mmoja aweza kumshinda Rais?" Tuliahidi kumjibu leo. Tena swali limekuja wakati wake, kwa kuwa mwezi ujao tutachagua kamati yetu wenyewe.

Kongresi ya Marekani ina nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435, na Seneti yenye wajumbe 100. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuchunguza pamoja kila neno la kila sheria. Basi kazi imegawanywa katika kamati: ya kilimo, ya kodi, ya kazi, na kadhalika. Mwenyekiti wa kamati ndiye apangaye siku za vikao, na mashahidi wa kusikizwa, na mswada wa kutangulizwa. Asipouweka mezani, mara nyingi hufa pale pale bila kura. Sisi watu wa reli twalifahamu jambo hili. Dereva aweza kuwa tayari, na abiria wamekwisha panda, lakini gadi asipopepea bendera ya kijani gari haliondoki.

Mtu alikipataje kiti hicho? Kwa miaka mingi ya karne ya 20 alikipata kwa kukaa tu. Katika chama chenye wajumbe wengi, aliyedumu katika kamati kuliko wenzake ndiye aliyekuwa mwenyekiti, awe mwema au mbaya. Wajumbe wa majimbo ya Kusini walifaidi sana desturi hii. Huko watu weusi wengi walizuiwa kupiga kura, na chama cha Democratic hakikuwa na mpinzani wa maana. Basi mjumbe alirudishwa kila uchaguzi mpaka akazeeka kitini.

Mmoja wao alikuwa Howard Smith wa Virginia, mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni tangu 1955 hata 1967. Kamati hiyo ndiyo ipangayo mswada gani uingie barazani na lini. Mwaka 1957, mswada wa haki za raia ulipomfikia, alikwenda zake shambani, ikaelezwa kwamba ghala lake limeungua. Mwenyekiti hayupo, kikao hakuna, mswada ukangoja.

Lakini msidhani kwamba dawa haipo. Mama mmoja, Mary Norton wa New Jersey, alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kazi tangu 1937. Mswada wa mshahara wa chini na saa za kazi ulikwama katika Kamati ile ile ya Kanuni, kabla ya siku za Smith kuwa mwenyekiti. Kanuni zasema wajumbe 218 wakitia sahihi karatasi, mswada hutolewa mikononi mwa kamati. Mama Norton alizipata sahihi hizo mwaka 1937, lakini baraza likaurudisha mswada nyuma. Hakukata tamaa. Mei 1938 alizipata tena, kwa muda wa saa chache tu. Tarehe 25 Juni 1938 Rais Roosevelt akautia sahihi: senti 25 kwa saa, na apitishaye saa 44 kwa juma alipwe mara moja na nusu. Ni kweli wafanya kazi wa mashamba na wa majumbani waliachwa nje, na weusi wengi walikuwa katika kazi hizo. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Mwaka 1961 kiti cha Kamati ya Elimu na Kazi kilimfikia Adam Clayton Powell wa Harlem, mtu mweusi, baada ya miaka 16 ya kungoja. Mwaka huo huo sheria ilipandisha mshahara wa chini kutoka dola 1 mpaka dola 1 na senti 15, kisha 1 na senti 25. Lakini naye alilaumiwa kwa kutumia vibaya fedha za kamati kwa safari. Mwaka 1966 wanakamati wenzake walimpunguzia mamlaka, na Januari 1967 akavuliwa kiti. Basi kazi njema haimwondolei mtu wajibu wa kuonyesha hesabu.

Desturi ya kukaa tu ilivunjika mwaka 1975, Wademocrat wa Baraza la Wawakilishi walipopiga kura ya siri na kuwaondoa wenyeviti watatu wa siku nyingi. Na tangu 1995 Warepublican wa baraza hilo wameweka mpaka wa miaka sita kwa mwenyekiti.

Sasa turudi nyumbani. Sisi wenyewe tuliwahi kumpa mzee mmoja kiti cha kamati yetu kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa wa kwanza kuajiriwa. Watu wa zamu ya usiku walimpa karatasi ya madai ya ovataimu. Akaitia katika kabati. Hatukuuliza mwezi wa kwanza, wala wa pili. Tulipoulizana, siku za kudai zilikuwa zimepita, na wenzetu wakakosa jasho lao. Tulimlaumu mzee, lakini kosa lilikuwa letu pia: tulimpa ufunguo wa kabati, tukaenda kulala.

Kwa hiyo mwezi ujao tusiulize nani ana miaka mingi kazini. Tuulize nani atasoma mbele ya mkutano kila karatasi iliyoletwa, na tarehe yake. Na tuandike katika kanuni zetu kwamba wanachama kadhaa wakitia sahihi, jambo lolote litolewe kabatini lijadiliwe. Idadi yao tuipatane sisi wenyewe.

Ndugu aliyeuliza, jibu ni hili: mtu mmoja aweza kumshinda Rais, maadam wengine wamenyamaza. Wakitia sahihi, hawezi.