Bima ya Afya kwa Mhamiaji wa Afrika Mashariki Nchini Ujerumani

Bima ya afya ina mipaka ya nchi. Kadi ya NHIF ya Tanzania au uanachama wa SHA ya Kenya humpatia mtu matibabu katika hospitali zilizoingia mkataba na taasisi hizo za bima, lakini haumfuati anapohamia ng'ambo. Nchi nyingine zimeziba pengo hilo kwa mikataba ya hifadhi ya jamii: Uturuki na Tunisia, kwa mfano, zina mikataba ya namna hiyo na Ujerumani. Tanzania na Kenya hazina. Mtanzania au Mkenya anayehamia Ujerumani huanza upya kabisa, na huanza akiwa na wiki chache tu za kuamua mambo ambayo mengine hayarudi nyuma.

Ujerumani inafaa kuchunguzwa kwa sababu njia za kuingilia huko ni nyingi. Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu, wauguzi wanaofundishwa kazini, vijana wa au pair (wanaoishi na familia na kuisaidia kulea watoto), watu wa kujitolea na wenza wanaowafuata wenzao, na Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Kila njia ina bima yake. Anayeichukulia bima kuwa karatasi ya kupatia viza tu, akaiweka kwenye faili na kuisahau, ndiye anayeumia baadaye, kwa sababu bima ya viza na bima ya mkazi ni vitu viwili tofauti.

Mfumo wenyewe

Bima ya ugonjwa ya lazima ilianza Ujerumani kwa sheria ya Juni 1883, wakati wa Kansela Bismarck, ikiwalenga wafanyakazi wa viwandani. Ilipanuka hatua kwa hatua hadi Januari 2009, ilipokuwa lazima kwa kila mkazi kuwa na bima ya aina fulani. Takriban watu tisa katika kila kumi wako kwenye bima ya umma, na waliobaki wengi wao wana bima binafsi. Bima ya umma haiendeshwi na wizara. Iko mikononi mwa mifuko zaidi ya 90 inayojitegemea, ambayo Wajerumani huiita Krankenkasse: AOK, TK, Barmer, DAK na mingineyo. Tangu 1996 mwanachama huchagua mfuko autakao. Kwa kuwa mafao karibu yote yamepangwa na sheria na yanafanana, kuhangaika mwezi mzima kulinganisha mfuko na mfuko ni kazi bure. Kinachotofautiana ni mchango wa nyongeza, na kama ofisi ina mtu anayeweza kumsikiliza mgeni ambaye Kijerumani chake bado ni cha kuunga-unga.

Mchango wa kawaida ni asilimia 14.6 ya mshahara, na kila mfuko hujiongezea asilimia yake. Wastani wa nyongeza hiyo kwa 2025 uliwekwa kuwa asilimia 2.5. Mwajiri hulipa nusu ya vyote viwili. Muuguzi mwanafunzi anayelipwa euro 1,300 kwa mwezi, katika mfuko wenye nyongeza hiyo ya asilimia 2.5, hukatwa euro 111.15, na mwajiri huweka kiasi hicho hicho. Juu ya hapo kuna makato ya bima ya uangalizi, inayomhudumia mtu asiyejiweza kwa uzee au ulemavu. Mtanzania aliyezoea asilimia 6 ya NHIF, inayogawanywa nusu kwa nusu na mwajiri, atautambua utaratibu ingawa kiwango kitamshtua. Mkenya, ambaye SHA humkata asilimia 2.75 bila mwajiri kuongeza chochote, atashtuka zaidi akiitazama hati yake ya mshahara ya kwanza.

Jambo kubwa katika bima ya umma ni kwamba mchango hufuata kipato, si afya. Mfuko hauruhusiwi kumkataa mwenye haki ya kujiunga, wala kumpandishia mchango kwa sababu ana selimundu, kisukari au anaishi na virusi vya UKIMWI, na huduma huanza siku ya kwanza ya uanachama. Bima binafsi hufanya kinyume. Hupanga bei kwa umri na historia ya afya, humpa mwombaji orodha ndefu ya maswali kuhusu maradhi yake, na inaweza kumkataa. Mikataba mingi pia huweka miezi mitatu ya kungoja, na miezi minane kwa uzazi na meno ya bandia. Anayeficha ugonjwa ili apate bei nafuu hujichimbia shimo, kwa kuwa kampuni ikigundua inaweza kuvunja mkataba wakati matibabu yanahitajika zaidi.

Kabla ya safari na wiki za mwanzo

Viza ya Schengen ya muda mfupi hudai bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Mama anayekwenda kumwona mjukuu mjini Hamburg kwa miezi miwili anaihitaji hiyo na inamtosha. Kwa anayehamia, bima ya aina hii ni daraja la kumvusha wiki za mwanzo tu. Hulipia dharura, na karibu kila mara huacha nje ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya kusafiri na mimba iliyotungwa kabla ya mkataba kuanza.

Pengo linalosahaulika ni lile la kati ya kutua uwanja wa ndege na kuanza kwa bima ya kudumu. Bima ya mwanafunzi huanza pamoja na muhula, au siku ya usajili kama amechelewa kusajiliwa. Ya mfanyakazi huanza siku ajira inapoanza. Mwanafunzi aliyefika katikati ya Septemba ilhali muhula unaanza tarehe 1 Oktoba ana nusu mwezi asiyokuwa na chochote isipokuwa bima ya safari. Ikiwa aliinunua kwa tarehe za tiketi ya kwanza, kisha viza ikachelewa na safari ikasogezwa, huenda imekwisha kabla hajafungua sanduku. Hospitali haitamwacha mwenye dharura mlangoni, ila ankara itamfuata nyumbani. Busara ni kununua bima ya safari inayoongezeka muda na inayovuka tarehe ya usajili kwa wiki kadhaa.

Kila mtu na mlango wake

Mfanyakazi na mwanafunzi wa mafunzo ya kazi ndio wenye njia nyepesi. Mwajiri huwasajili katika mfuko waliouchagua, na wasipochagua huchaguliwa. Kijana wa au pair haingii bima ya umma. Familia inayompokea ndiyo yenye wajibu wa kumnunulia bima ya ugonjwa, ajali na uzazi. Akiombwa aitoe mfukoni mwake, ajue kwamba anaonewa. Anayekwenda kujitolea kwa mwaka mmoja chini ya mpango wa serikali huwekwa kwenye bima ya umma, na taasisi inayompokea hulipa mchango wote. Mwenza na watoto wanaoishi Ujerumani huingia bure katika bima ya mwanachama, watoto wawe wangapi wawe, mradi mwenza hana kipato kinachozidi kiwango kidogo kilichowekwa. Kwa 2025 kilikuwa euro 535 kwa mwezi. Wazazi hawamo. Hapo kuna tofauti na NHIF ya Tanzania, inayomruhusu mwanachama kuwaandikisha wazazi miongoni mwa wategemezi wake. Na mke aliyebaki Mwanza au Kisumu hahesabiwi hata kama cheti cha ndoa kimetafsiriwa na kugongwa mihuri yote.

Mwanafunzi wa chuo kikuu ndiye anayehitaji kuelezwa kwa kirefu. Aliye chini ya miaka 30 analazimika kuingia bima ya umma kwa mchango maalumu usiotegemea kipato chake. Kwa 2025, pamoja na bima ya uangalizi, mchango huo ulikuwa kati ya euro 140 na 145 hivi kwa mwezi katika mfuko wenye nyongeza ya wastani. Chuo hakimsajili mpaka mfuko ukitumie taarifa ya kielektroniki kuthibitisha hali ya bima yake. Tangu Januari 2022 karatasi ya mkononi haitoshi tena, na mwombaji anayefika dirisha la usajili na cheti cha bima ya safari tu hurudishwa.

Katika wiki hizo hizo hujitokeza mawakala wenye bima binafsi ya bei ya chini. Sheria inampa mwanafunzi miezi mitatu kuomba msamaha wa bima ya umma, na akiupata haufutiki kwa muda wote wa masomo. Kijana wa miaka 22 mwenye afya njema huona ameokoa makumi ya euro kila mwezi. Mwaka wa pili akigundulika na ugonjwa wa figo, au akipata ujauzito na kukuta mkataba wake una dari ya malipo, hana njia ya kurudi akiwa bado mwanafunzi. Mlango hufunguka akiajiriwa kazi inayolazimu bima ya umma. Mikataba mingine ya bei hiyo kwa hakika ni bima ya safari iliyovalishwa joho la chuo. Kwa wengi wa walio chini ya miaka 30, kubaki kwenye bima ya umma ndio uamuzi wa akili.

Aliyetimiza miaka 30 hana uchaguzi huo, na hili linawagusa Waafrika Mashariki wengi, kwa kuwa ni kawaida kwao kufanya kazi miaka kadhaa ndipo waende kusoma shahada ya uzamili. Kujiunga na bima ya umma kwa hiari hudai mtu awe amekuwamo kabla, jambo ambalo aliyetoka Dodoma au Eldoret hawezi kulithibitisha. Hubaki bima binafsi, na hapo ndipo masharti yanapaswa kusomwa mstari kwa mstari. Wanaosoma kozi ya lugha kabla ya chuo nao, hata wakiwa na miaka 20, hawajawa wanafunzi mbele ya sheria ya bima na hutegemea bima binafsi mpaka wasajiliwe.

Mbele ya dirisha la mapokezi

Tofauti ya bima mbili huonekana vizuri zaidi kliniki. Mwenye bima ya umma hutoa kadi yenye picha yake, mhudumu huisoma kwenye mashine mara moja kwa kila robo ya mwaka, na mgonjwa huondoka bila kuona ankara. Tangu Januari 2024 hata cheti cha dawa kwa kawaida ni cha kielektroniki: mgonjwa humpa mfamasia kadi, na dawa alizoandikiwa huonekana kwenye kompyuta. Hulipa asilimia 10 ya bei, si chini ya euro 5 wala zaidi ya 10 kwa kila dawa, ila haizidi bei ya dawa yenyewe. Akilazwa hulipa euro 10 kwa siku, mwisho siku 28 kwa mwaka. Kama kadi haijafika kwa posta, mfuko hutoa barua ya muda inayofanya kazi hiyo hiyo.

Mwenye bima binafsi hupokea ankara nyumbani kwa jina lake. Huilipa au huituma kwa kampuni, kisha husubiri kurudishiwa. Asiyekuwa na akiba hujikuta ana deni huku akiwa na bima.

Kutolipa michango nako kuna taratibu zake. Anayedaiwa miezi miwili husimamishiwa huduma isipokuwa maumivu makali, dharura na ujauzito, na mwanafunzi mwenye deni la bima anaweza kukataliwa usajili wa muhula unaofuata. Aliyechelewa kujiunga hudaiwa michango tangu siku wajibu ulipoanza, hata kama hakuwahi kumwona daktari.

Yasiyolipwa

Miwani ya mtu mzima kwa kawaida hailipwi, na meno ya bandia hupata ruzuku ya sehemu tu. Ni vizuri kumaliza kazi ya meno nyumbani kabla ya kuondoka.

Nje ya Ulaya bima ya umma kwa jumla haifanyi kazi. Anayerudi Mombasa au Moshi kwa likizo ya Desemba yuko nje ya kinga yake na anahitaji bima ya safari, ambayo kwa mwaka mzima ni fedha kidogo. Wale wasiopokelewa na kampuni yoyote ya bima ya safari kwa sababu ya ugonjwa au umri wanaweza kuuomba mfuko uwalipie hadi wiki sita kwa mwaka, ila ombi liwasilishwe kabla ya safari.

Kusafirisha mwili wa marehemu nako hakumo. Fao la mazishi liliondolewa kwenye bima ya umma mwaka 2004, na ndiyo sababu msiba ukitokea jumuiya huanza kupitisha mchango wa harambee. Baadhi ya bima za safari na za kigeni hulipia usafirishaji huo, na kuna bima za msiba zinazojitegemea. Swali hili halipendezi kuulizwa siku ya kutia saini, lakini ndiyo siku yake.

Kuondoka

Uanachama hauishi kwa kupanda ndege. Anayehama Ujerumani hujiondoa kwenye daftari la wakazi la manispaa, hupewa hati, na nakala yake huipeleka kwenye mfuko. Asipofanya hivyo mfuko humhesabu kuwa bado mkazi, humwendeleza kama mwanachama wa hiari, na kwa kuwa haujui kipato chake humtoza mchango wa juu kabisa, ambao mwaka 2025 ulizidi euro 1,000 kwa mwezi. Barua za madai hutumwa kwenye anwani aliyoihama. Deni hilo huweza kupunguzwa mtu akileta ushahidi wa tarehe aliyoondoka, kama vile muhuri wa pasipoti, mkataba wa kazi wa nyumbani au usajili wake mpya SHA au NHIF.