*NENO LA KATIBU WA TAWI LA KAMANGA: MASHINE ILIYOTUMIKA ISEMWE ILIVYO*

Haya nilisema kikaoni, nayaleta hapa kwa ambao hawakufika.

Msimu ukiisha, wengi wetu tunauza pampu, plau na pawatila kupitia stetasi na magrupu ya simu. Si vibaya. Lakini mnunuzi wa Magu au Misungwi haoni mashine, anaona picha. Analipa nauli hadi Mwanza mjini, anapanda kivuko, anafika huku. Akikuta chini ya rangi mpya kuna injini inayokula oili, amepoteza siku na hela. Akirudi kwao hataji jina lako. Anasema, "Watu wa Kamanga." Kesho mkulima mkweli akitangaza pampu yake, hapati bei.

Kwa hiyo tukubaliane:

1. Piga video mashine ikiwashwa ingali baridi. Pampu ionekane ikivuta maji.
2. Taja ubovu kabla hujaulizwa: kinachovuja, kilichobadilishwa, misimu iliyofanya kazi.
3. Bei uliyotaja isipande mnunuzi akishashuka kivukoni.
4. Advansi ipokee kwa mtu mmoja tu. Mashine ikikosekana, mrudishie yote.
5. Onyesha risiti, au mwenyekiti wa kitongoji athibitishe kuwa ni mali yako. Mashine ya kikundi au ya familia haiuzwi kwa siri.
6. Andikianeni mbele ya mashahidi.

Wauzaji nanyi mjilinde. Usitoe mashine kwa kuonyeshwa meseji ya malipo. Angalia salio lako kwanza.

Tusidhani simu inasahau. Kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ukiandika "haina shida", umeahidi.

Kuna waliouliza kikaoni: nikisema ubovu, si nitauza kwa hasara? Hapana ndugu zangu. Utauza kwa bei ya mashine ilivyo, na hela hiyo hakuna atakayerudi kukudai.

Asiyejua kupiga video afike ofisi ya tawi, vijana watamsaidia. Mtumie na jirani ujumbe huu.

Katibu wa Tawi,
Kamanga