Maji Tusiyoyazoea



Kamati imenitaka niseme machache kabla ya matembezi ya kesho ziwani. Nakusudia kusema hasa na wale wanaojiona hawahitaji kuambiwa, nao ni sisi tuliozaliwa Unguja.

Mimi nilijifunza kuogelea kwa kuchupa Forodhani, na nilipohamia Uingereza nikiwa mtu mzima sikudhani yako maji yatakayonishinda. Julai moja, siku ya joto kali, nikachupa katika ziwa la mashambani. Juu maji yalikuwa vuguvugu. Chini yake baridi ilinibana kifua. Nilivuta pumzi pasipo kutaka, nikanywa maji, na mikono niliyoitegemea tangu utotoni ikakataa amri. Aliyeniokoa ni mvuvi mzee aliyelala kifudifudi ukingoni akaninyoshea mpini wa wavu wake. Hakuingia majini, na kwa hilo alinishinda akili.

Baadaye ndipo nilipofahamu yaliyonipata. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 huushtua mwili: mtu hutweta bila hiari na moyo huenda mbio. Bahari za huku wastani wake ni nyuzi 12 tu. Mshtuko huo hupungua baada ya dakika moja au mbili, lakini mtu huweza kuangamia kwa kupigana nao. RNLI, shirika la kuokoa watu baharini lililoasisiwa mwaka 1824, hufundisha hivi: usipapatike, lala chali, masikio yazame, tikisa mikono taratibu, ungoje pumzi irejee. Sisi waogeleaji tuna kiburi, twaona kuelea ni kazi ya watoto.

Ukimwona mwenzio anazama, usimfuate. Piga 999: ziwani na mtoni omba zimamoto, baharini omba walinzi wa pwani. Kisha mrushie boya au kamba, hata mtandio ukifika.

Khofu yangu kubwa, hata hivyo, ni watoto. Mtoto anayezama aghlabu hapigi kelele. Hana pumzi ya kupigia. Na katika jamaa kubwa kama yetu kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Basi kesho tutakaa zamu ukingoni, nusu saa kwa kila mtu, bila simu na bila mazungumzo. Zamu ya kwanza ni yangu, saa nne asubuhi. Anayetaka ya pili aniandikishe jina lake usiku huu, kabla hatujatawanyika.