Kagua Matimba Kabla ya Kushuka



Majuzi nilikuwa Makongolosi, wilayani Chunya, nyumbani kwa dada yangu. Aliyefika huko anaujua mji ule. Makarasha yananguruma tangu alfajiri, vumbi la mwamba limetanda juu ya mabati, na kila unayekutana naye anazungumzia dhahabu, ama aliyoipata, ama ile iliyomponyoka kidogo tu.

Asubuhi ya pili nikatembea hadi kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Nikamkuta mzee mmoja ameinama mdomoni mwa shimo, tochi kichwani, nyundo mkononi, anagonga matimba, yaani zile nguzo zinazozuia kuta zisiporomoke. Anagonga moja, anasikiliza, anashuka hatua, anagonga nyingine. Vijana sita wamekaa juu wanasubiri, na hakuna anayenung'unika kwamba anacheleweshwa.

"Shikamoo mzee. Mnafanya hivi kila wiki?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo watu hula kila wiki. "Marahaba. Kila zamu," akasema. "Usiku ardhi hailali."

Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka jioni, mbele ya kompyuta.

Dada yangu ana kijana aliyesomea mambo ya kompyuta Mbeya mjini, kisha akarudi nyumbani na kompyuta ya mkononi na madeni kidogo. Ameandika programu kwa ajili ya kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama lishe wanaopika machimboni. Wanachama wako 43. Zamani walikuwa na daftari na sanduku la kufuli tatu, funguo zake kwa watu watatu tofauti. Sasa hisa, mikopo na marejesho vinaonekana kwenye simu. Akaniambia, "Mjomba, wiki hii naweka ukaguzi kwenye kodi." Nikashtuka, nikadhani watu wa mapato wamefika. Kumbe kodi wanayoisema vijana hawa ni yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza. Mimi nitayaita maandishi ya programu, tusije tukaogopeshana.

Kazi yenyewe iko hivi. Waandishi wa programu huweka maandishi yao katika ghala moja la pamoja. Kila mmoja anapoongeza au kubadili mstari, mashine huyachukua yote upya, huyaunganisha, huyajaribu, na yakifaulu huyapeleka kwa watumiaji. Tuite mkondo, kama maji yanavyopita juu ya mwalo. Alichokuwa anafanya mpwa wangu ni kuweka wakaguzi ndani ya mkondo huo, ili kila badiliko likaguliwe kabla halijawafikia akina mama. Sisi wa redio tunalielewa jambo hili. Mhariri husoma taarifa kabla ya saa ya habari, kwa kuwa neno likishatoka hewani halirudi.

Mkaguzi wa kwanza, aitwaye Gitleaks, hutafuta maneno ya siri na funguo zilizosahaulika ndani ya maandishi. Wa pili, Semgrep, huyasoma maandishi yenyewe akitafuta mitindo mibaya ya uandishi inayojulikana kufungulia wezi. Wa tatu, Trivy, hukagua vipande vya kuazima. Maana hakuna siku hizi anayeandika programu yote mwenyewe. Anaokota kipande hiki kwa huyu na kile kwa yule, kama fundi asiyefyatua tofali zake. Wote watatu wanapatikana bure, na nilimwona akiwafunga kwa mchana mmoja, umeme ukiwa umekatika mara mbili.

Usiku huo mkondo ukaleta kasoro 212.

Hapo ndipo penye kisa. Mtu akiletewa kasoro 212 kwa mpigo hasomi hata moja. Kijana akaona akiiacha mashine izuie kazi, hatapeleka chochote kwa mwezi mzima, na akina mama wanadai ukurasa wa marejesho. Akaiamuru ionye tu, isizuie. Onyo likawa kama jogoo wa jirani, linawika kila siku na hakuna anayegeuka. Siku ya tisa, kwa kukosa usingizi, akaanza kuzisoma moja moja. Katikati ya orodha, kati ya vijikasoro visivyo na uzito, akakuta neno la siri la hifadhi yote ya akiba limeandikwa wazi ndani ya maandishi, tangu siku ya kwanza, kwa mkono wake mwenyewe. Siku tisa mashine ilikuwa inapiga kelele.

Akaufuta ule mstari. Nikamwambia hongera. Akacheka, akasema bado, Mjomba, ghala hutunza kumbukumbu za kila toleo, na aliyefuta leo bado anasomeka jana. Dawa ni kubadili neno la siri lenyewe, lile la zamani lisifungue tena kitu. Wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 2016 wezi waliingia katika ghala la maandishi la wahandisi wa Uber, wakakuta humo funguo za hifadhi, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57. Umma ulikuja kuambiwa Novemba 2017.

Baada ya hapo akapanga upya. Kasoro mpya iliyo kubwa inasimamisha mkondo, bila mjadala. Zile za zamani ameziandikia orodha yenye tarehe, anapunguza chache kila wiki. Zilizothibitika kuwa si kasoro, kwa sababu mashine nayo hukosea, anazinyamazisha na kuandika sababu kando. Nadhani hapa amefanya vizuri kuliko wengi wenye mishahara. Mlango unaozuia kila mtu mwishowe huwekewa jiwe usijifunge.

Nikamwuliza, kama hukubadili kitu leo, kwa nini mashine inakagua tena usiku? Ndipo yule mzee wa matimba aliponijia. Desemba 2021 ilitangazwa kwamba Log4j, kipande kidogo kinachoandika kumbukumbu za matukio ndani ya programu za Java, kina tundu linalomwezesha mtu wa mbali kuendesha amri zake kwenye mashine ya mwenzake. Kilikuwa kimeazimwa duniani kote. Programu zilizohesabiwa salama jioni zikaamka ziko hatarini, na hakuna aliyekuwa amegusa mstari. Wenye orodha ya vipande walivyoazima walijua mapema waanzie wapi. Wasio nayo walianza kupekua, kompyuta moja baada ya nyingine.

Na orodha yenyewe lazima iwe kamili. Machi 2017 kasoro ilitangazwa katika kipande kiitwacho Apache Struts, na kiraka chake kikatolewa. Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliwaambia mafundi wake wazibe, na ndani ya mwezi huo huo ikapitisha mashine ya ukaguzi. Mashine ikaukosa mfumo mmoja wenye kasoro. Wezi wakaingia Mei na hawakugunduliwa hadi mwisho wa Julai. Waliathirika watu wapatao milioni 147.

Hata mkaguzi mwenyewe hununulika. Mapema mwaka 2021 watu walichezea kifaa cha Codecov, ambacho kazi yake ni kupima kama programu imejaribiwa vya kutosha, kikawa kinachukua siri kutoka ndani ya mikondo ya wateja na kuwapelekea. Ilianza mwisho wa Januari, ikagundulika Aprili 1. Kwa hiyo mpwa wangu hampi mkaguzi funguo asizozihitaji, na hachukui toleo jipya la mkaguzi kwa kuwa tu limetoka.

Msidhani haya ni ya Wamarekani. Oktoba 2020 nchini Uganda mfumo wa kampuni iliyokuwa katikati ya benki na mitandao ya simu ulivamiwa, na huduma za kuhamisha pesa kati ya benki na simu zikasimamishwa. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Haisemi kwamba kikundi cha mama lishe kimesamehewa.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Siku mbili kabla sijaondoka, mkondo ukiwa umetulia na wakaguzi wote watatu wameridhika, alikuja mama mmoja anayepika karibu na makarasha. Mikono bado ina unga. "Mwanangu," akamwambia kijana, "nimekosea kuandika namba yangu, nimeona mkopo wa jirani yangu. Na yeye anaona wangu?"

Kijana akakaa chini. Ndiyo, alikuwa anaona. Yeyote aliyekwisha kuingia kwenye programu angeweza kubadili namba ya uanachama na kusoma habari za mwenzake. Wakaguzi wote walipita hapo. Maandishi yalikuwa safi, vipande vya kuazima vilikuwa vipya, hapakuwa na neno la siri lililosahaulika. Mashine ilichokuwa haijui ni kwamba mkopo wa fulani si wa kutazamwa na fulani. Nani angeiambia? Kwenye daftari la zamani mwenye kulifungua alikuwa katibu tu.

Na habari ilikuwa imekwisha kusambaa. Yule jirani alikopa bila mumewe kujua, kwa sababu zake mwenyewe ambazo mimi na nyinyi hazituhusu. Siku iliyofuata alitoa akiba yake yote, akarudisha na kitambulisho cha kikundi. Kijana alikwenda kumwomba radhi. Alipokewa kwa heshima, akapewa chai, na yule mama hakurudi.

Usiku ule aliandika jaribio jipya. Mwanachama wa saba anaingia, anaomba kuona hesabu ya mwanachama wa nane, na lazima akataliwe. Kabla ya kuziba tundu alilipitisha kwanza kwenye mkondo, ili aone kama kweli linalikamata. Likasimama likiwa jekundu. Akaziba, likapita. Tangu hapo kila badiliko, hata la kurekebisha rangi ya kitufe, linapita kwanza mbele ya mwanachama wa saba na wa nane.

Yule mama mwenye unga mikononi amepewa kazi. Kila Jumamosi jioni anakaa barazani na simu, anajaribu kukosea kwa kadiri awezavyo. Analipwa soda moja. Nilimwambia mpwa wangu bei hiyo ni ndogo mno, akasema watajadili kwenye mkutano wa kikundi.