GURUDUMU LA CHAMA NA FRIWILI ILIYOKWAMA
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama juu ya utunzaji wa mali ya ushirika



Baiskeli ya chama ni mali ya wanachama wote. Ndiyo impelekayo katibu kwenye vituo vya kununulia mazao, na ndiyo ibebayo vitabu vya hesabu. Spoku moja ya upande wa mnyororo ikikatika wakati wa mavuno, mara nyingi haiwezi kubadilishwa mpaka iondolewe friwili, yaani ile gia ya nyuma, kwa kuwa huziba matundu ya spoku katika kitovu cha gurudumu. Friwili ikikataa kutoka, wengi huamua kununua gurudumu zima. Hapo ndipo fedha za wakulima hupotea bure.

Yafaa ijulikane kwanza sababu ya kukwama. Friwili ya baiskeli za kawaida, kama Phoenix ya China na Hero ya India, hufungwa kwa hesi juu ya kitovu. Kila mpandaji akanyagapo pedali, mnyororo huzidi kuikaza. Miaka ikipita bila grisi, kutu nayo huishikilia. Basi kukwama huko ni kazi ya miguu na mvua.

Fundi mwema hana pupa. Hutia mafuta mepesi penye maungio ya friwili na kitovu, akaacha usiku kucha. Asubuhi huondoa nati ya ekseli, akaingiza ufunguo wa friwili ambao meno yake yanaenea barabara katika mapengo, kisha huirudisha nati na kuikaza kidogo ili ufunguo usiruke. Ufunguo hubanwa katika jiliwa, gurudumu likilala juu yake, gia ikitazama chini. Watu wawili hushika rimu na kuizungusha kinyume cha mishale ya saa, kama afunguaye kifuniko cha chupa. Upana wa rimu ndio nguvu yenyewe. Friwili ikilegea tu, nati hulegezwa kabla ya kuendelea, la sivyo ekseli yaweza kuharibika.

Makosa mawili huleta hasara. La kwanza ni kugonga kwa patasi na nyundo: mapengo yakivunjika, ufunguo hauna pa kushika. La pili ni kukata spoku zote kabla ya kufungua: bila rimu, kitovu hakina mpini.

Baiskeli za gia nyingi zahitaji uangalifu zaidi. Tangu Shimano ya Japani ilipotoa kitovu cha aina nyingine mwaka 1978, nyingi zina mtungo wa gia uliochomekwa katika mifereji na kufungwa kwa pete. Gia zizungushwe kinyumenyume: mapengo yakizunguka pamoja nazo, ni mtungo, yakitulia, ni friwili. Mtungo huzuiwa kwa kipande cha mnyororo mkuukuu kilichofungwa kwenye chuma, na pete hufunguliwa kinyume cha mishale ya saa.

Kabla ya kurudisha friwili, hesi isafishwe na kupakwa grisi, na katibu aandike tarehe katika daftari la mali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Grisi kidogo leo itakiokolea chama gurudumu kesho, na mkulima hatasubiri kituoni bila kumwona katibu.