SOMO LA AFYA: UGONJWA UKISHA KUPITA

Leo tutazungumza juu ya swali hili: ugonjwa mkuu ukisha kupita, nchi ifanye nini?

Mnaukumbuka ugonjwa wa Korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa umeenea ulimwenguni tarehe 11 Machi, 2020. Siku mbili baadaye mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Kenya. Watu wengi walitazama hospitali kubwa, wakauliza: Je, vitanda vipo? Oksijeni ipo? Maswali hayo yalikuwa ya haki. Lakini ugonjwa hauanzi hospitalini. Huanza nyumbani, mtoto apatapo homa, mama akangoja aone kama itapoa. Siku zile za kungoja ndizo siku za ugonjwa kuenea.

Basi, hapana budi pawe na mtu wa karibu ajuaye dalili, na ajuaye pa kupeleka habari. Mwezi wa Septemba, 2023, Kenya ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vipima-joto, vipimo vya shinikizo la damu, mizani, na simu za kupelekea habari. Mwezi uliofuata Sheria ya Afya ya Msingi ikatiwa sahihi. Zamani wengi wao walijitolea tu; ndipo ikakubaliwa wapewe shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya taifa, nusu kutoka kaunti.

Mtauliza: Mkoba watosha? Hautoshi. Yatakiwa mambo matatu. Kwanza, malipo yafike kwa wakati. Mwenye njaa hataifikia nyumba ya kumi, atarudi shambani kwake. Pili, mgonjwa aliyetumwa zahanati aikute dawa. Asipoikuta mara mbili, mara ya tatu hataitika. Tatu, habari zilizopelekwa zisomwe siku ile ile na mtu mwenye uwezo wa kutenda. Habari isiyosomwa ni sawa na habari isiyopelekwa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati wa kuziba ndio huu, kungali shwari.

Maswali ya kujadiliana katika kundi lenu:

1. Mhudumu wa afya wa mtaa wenu ni nani, naye hupita lini?

2. Watu watatu wakiugua homa moja katika juma moja, nani ataarifiwa kwanza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.